Kutoka Mauaji 42 Hadi Sifuri: Kisa cha East Palo Alto



Leo tuzungumze kuhusu mauaji, na kuhusu mji mmoja mdogo ambao huenda wengi wenu hamjapata kuusikia. Unaitwa East Palo Alto. Uko California, Marekani, kusini ya San Francisco, kando ya ghuba. Eneo lake halizidi sana kilomita za mraba 6, na wakazi wake ni kama 30,000. Mwaka 1992 waliuawa pale watu 42. Mwaka 2023 hakuuawa hata mmoja.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema mtaa fulani ni wa wahuni, mji fulani ni wa wauaji, kana kwamba ukatili unaota ardhini kama magugu. East Palo Alto inatufundisha vingine. Ukatili wa mji ule ulitengenezwa na maamuzi ya watu, wengi wao wenye vyeo na kalamu mkononi. Na uliondolewa na maamuzi ya watu pia, wengi wao wasio na cheo chochote. Hilo ndilo ninalotaka tulione leo, hatua kwa hatua.

Kwanza tuipime ile namba 42, maana ukiisikia hivi hivi haikushtui. Majiji makubwa ya Marekani wakati ule yalikuwa yakizika watu kwa mamia kila mwaka. Lakini East Palo Alto ya mwaka 1992 ilikuwa na wakazi kama 24,000 tu. Ina maana kila siku ya nane au ya tisa kulikuwa na maiti mmoja. Chukua Dar es Salaam, ambayo kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni 5. Kama watu wangeuawa kwa kiwango kile, Dar es Salaam ingezika zaidi ya watu 9,000 waliouawa ndani ya mwaka mmoja. Kwa hesabu ya kila watu 100,000, East Palo Alto ilizidi wastani wa Marekani nzima kwa zaidi ya mara 18. Hakuna mji mwingine nchini humo uliofikia kiwango hicho mwaka ule. Magazeti yakaubandika jina: makao makuu ya mauaji ya Marekani. Na jina baya, wasikilizaji, hudumu kuliko tukio lenyewe. Watoto waliozaliwa miaka kumi baadaye bado walikuwa wakiulizwa shuleni kama kwao hawaogopi kulala.

Sasa mji huu uko wapi hasa? Jirani yake wa kusini ni Palo Alto, mji wa matajiri, na ubavuni mwa Palo Alto ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Stanford. Kati ya miji hii miwili imepita barabara kuu namba 101, pana, yenye magari usiku na mchana. Upande mmoja, nyumba za maprofesa na wenye kampuni za kompyuta. Upande wa pili, nyumba ndogo za wafanyakazi wao. Kutoka upande mmoja hadi wa pili ni dakika chache kwa gari, kwa barabara ileile ya University Avenue.

Na mstari ule haukuchorwa na Mungu. Katika miaka ya 1950 upande wa mashariki ulikuwa na Wazungu wengi wa kipato cha kawaida. Mitaa mingi ya pande zile ilikuwa imefungwa kwa Wamarekani weusi. Hati za nyumba zenyewe ziliandika kwamba nyumba isiuzwe kwa mtu asiye Mzungu. Mwaka 1954 mwenye nyumba mmoja wa East Palo Alto aliiuzia familia ya Weusi nyumba yake. Kilichofuata kilikuwa biashara. Madalali walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwatisha Wazungu kwamba Weusi wanakuja, thamani ya nyumba itaporomoka, uza sasa hivi. Wakanunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa waliotishika, wakaziuza kwa bei ya juu kwa Weusi ambao hawakuruhusiwa kununua kwingine. Dalali alipata faida mara mbili. Mtaa ukabadilika rangi ndani ya miaka michache, na mabenki yakaanza kuutazama kwa jicho la wasiwasi.

Barabara kuu nayo ilipopanuliwa ilifagia maduka mengi. Miji jirani ikajikatia vipande vya ardhi vyenye viwanda na biashara, yaani vipande vinavyolipa kodi. Watu wakabaki na makazi bila mapato, tena bila serikali yao wenyewe, kwa sababu wakati huo East Palo Alto haikuwa mji kisheria. Ilikuwa ni eneo tu la Kaunti ya San Mateo, na maamuzi yake yalifanywa mbali.

Hapa, wasikilizaji, pana jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Wakazi weusi wa pale walipotafuta namna ya kusimama, walitazama Afrika Mashariki. Mwaka 1966 mama mmoja, Gertrude Wilks, alianzisha shule akaiita Nairobi Day School. Mama huyu hakuanza na falsafa. Alianza na uchungu wa mzazi, alipoona mtoto anamaliza shule ya sekondari bila kusoma vizuri. Kabla hata shule yake haijasimama, yeye na akina mama wenzake waliwatoa watoto wao kimyakimya wakalale kwa familia za Wazungu siku za wiki, ili waweze kusoma katika shule nzuri za upande wa pili wa barabara. Baadaye kikaja Chuo cha Nairobi, yakaja na maduka yenye jina hilohilo. Mwaka 1968, miaka mitano tu baada ya Kenya kupata uhuru, wakazi walipiga kura kama mji mzima ubadilishwe jina uitwe Nairobi. Pendekezo lilishindwa kwa kura nyingi. Lakini tujiulize, watu wale walitaka nini? Walikuwa wameona nchi za Waafrika zikijitawala, nao wakataka kujitawala pale walipo.

Walingoja hadi 1983. Mwaka huo kura ya kuufanya East Palo Alto kuwa mji wenye mamlaka yake ilipita kwa tofauti ya kura 13 tu, na kesi yake ikafika hadi Mahakama ya Juu kabisa ya California kabla ya ushindi kuthibitishwa mwaka 1986. Gertrude Wilks mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopinga. Hoja ya wapinzani ilikuwa nzito. Mji usio na viwanda, usio na maduka makubwa, utalipa polisi kwa fedha gani? Waliounga mkono walijibu kwamba mtu hangoji kuwa tajiri ndipo ajitawale. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli, na miaka michache baadaye ukweli wa wapinzani ndio uliotangulia kuonekana.

Hata kabla ya kura ile, mwaka 1976, shule pekee ya sekondari ya umma ya mji, Ravenswood High School, ilikuwa imefungwa. Tangu hapo vijana walipakiwa kwenye mabasi kila asubuhi kupelekwa shule za miji mingine, ambako walifika wakiwa wageni. Wengi waliacha njiani. Mji ule ukaishi miaka mingi bila sekondari ya umma hata moja. Hebu fikiria mtaa wako, watu zaidi ya 20,000, hakuna sekondari. Kijana wa miaka 16 aliyeacha shule anashinda wapi?

Katikati ya miaka ya 1980 ikaingia kokeini ya mawe, ile ya kuvuta, ambayo Wamarekani huiita kreki. Ilikuwa rahisi, dola chache tu, na ulevi wake ulikuwa wa dakika chache. Mteja alirudi tena na tena. Sasa itazameni ramani kwa jicho la mfanyabiashara haramu. Barabara kuu iko pale pale. Mnunuzi anatoka kwenye mji wake mzuri, anashuka, anazunguka mitaa miwili, kijana anasogea dirishani, fedha kwa mzigo, na gari limekwisha kurudi barabarani. Wanunuzi wengi walitoka nje ya mji. Risasi zilibaki ndani. Pembe ya barabara iliyo karibu na njia ya kutokea ilikuwa mali, na vijana wakauana wakigombea pembe. Aliyeuawa alikuwa na kaka, na kaka naye alikuwa na bunduki. Hivyo ndivyo mauaji 10 yanavyozaa mengine 10 katika mji ambao kila mtu anamjua mama wa mwenzake.

Polisi wa mji walikuwa wachache na mishahara yao midogo. Askari akishaiva, mji jirani unamchukua kwa mshahara mkubwa zaidi. Upelelezi wa mauaji unahitaji watu wenye uzoefu na muda, na hapa kesi mpya ilifika kabla ya ile ya jana kufunguliwa jalada sawasawa. Mashahidi waliogopa. Muuaji alionekana mtaani, naye akajua kwamba anaonekana.

Kilichofanyika mwaka 1993 kinastahili kusimuliwa vizuri, maana watu hukifupisha kwa kusema tu polisi waliongezwa. Mji, ukiongozwa na meya Sharifa Wilson, ulikubali jambo gumu kwa mji uliopigania kujitawala. Uliomba msaada. Walikuja askari kutoka Palo Alto, kutoka Menlo Park, kutoka ofisi ya Sherifu wa kaunti, na kutoka kikosi cha barabara kuu cha California. Miji tajiri ilikuwa na sababu yake pia, kwa kuwa wanunuzi wa dawa zile walikuwa watoto na wazazi wa kwao. Doria zikawa za usiku kucha, magari ya wanunuzi yakaanza kusimamishwa, pembe za biashara zikakosa faida. Mwaka huo mauaji yalishuka hadi chini ya 10. Kutoka 42 hadi chini ya 10 ndani ya mwaka mmoja.

Lakini askari wa kuazima hurudi kwao. Swali ni nani alibaki.

Walibaki watu kama David Lewis. Huyu alikulia East Palo Alto, akazama kwenye heroini, akakaa magerezani miaka mingi, likiwemo lile gereza maarufu la San Quentin. Alipotoka na kupona, yeye na wenzake walianzisha katika miaka ya 1990 kituo kinachoitwa Free at Last, cha kuwatibu mateja papo hapo mtaani kwao, bila kuwapeleka mbali. Walioendesha kituo walikuwa wenyewe wametoka kwenye dawa na jela. Mtu anapoingia mlangoni akitetemeka kwa arosto, anayempokea anaijua hali ile kwa mwili wake. Hakuna mahubiri. Kuna kitanda, chakula, kikundi cha kuzungumza, na mtu wa kumpeleka akapimwe virusi vya UKIMWI. Kila mnunuzi aliyepona pale, hata kama ni mmoja, aliipunguzia ile biashara mteja, na aliiondolea familia moja aibu na wizi wa ndani.

Juni 2010 David Lewis alipigwa risasi na kufa, kwenye maegesho ya magari ya jengo la maduka katika mji wa San Mateo. Kifo chake kiliumiza watu wengi mno. Lakini hakikuibomoa kazi yake. Kituo cha kuwapokea wanaotoka magerezani kilipewa jina lake.

Turudi nyuma kidogo. Katikati ya miaka ya 2000 mauaji yalikuwa yamepanda tena. Januari 2006 askari wa mji huo, Richard May, aliuawa kwa risasi akiwa kazini. Katika miji mingi, askari akiuawa polisi huivamia mitaa, na mitaa hufunga milango. Mkuu mpya wa polisi, Ronald Davis, ambaye alikuwa ametumikia miaka mingi polisi wa Oakland kabla ya kuja mwaka 2005, alichukua njia nyingine. Aliwaita wakazi kwenye mikutano. Aliuliza ni nani hasa wanaofyatua risasi, na jibu likawa ni wachache, tena wanajulikana kwa majina. Kisha alifanya jambo ambalo polisi wa Marekani hawakuwa na mazoea nalo. Idara ya polisi yenyewe ilishiriki kuendesha mpango wa kuwasaidia waliotoka jela kwa parole kupata kazi, matibabu na mahali pa kulala. Hoja yake ilikuwa ya hesabu tupu. Mtu akitoka jela hana kitu, mji utamwona tena kwenye jalada. Akitoka akakuta kazi, huenda usimwone.

Wakaweka pia mitambo ya kusikia risasi. Vipaza sauti vidogo vinafungwa juu ya mapaa na nguzo. Mlio ukitokea, vipaza sauti kadhaa vinaupokea kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde, na kompyuta inakokotoa ulipotoka. Mitambo hii ina wakosoaji wengi nchini Marekani, na hoja zao ni za maana. Lakini pale ilifichua jambo moja la kusikitisha. Risasi nyingi zililia bila mtu yeyote kupiga simu polisi. Watu walikuwa wamezoea. Mama anausikia mlio, anamsogeza mtoto mbali na dirisha, anaendelea kukunja nguo. Mji ukifikia hapo, tatizo si bunduki peke yake. Kuna imani iliyokufa kati ya mtu na dola.

Ndiyo maana mpango wa mwaka 2012 ulinivutia kuliko mitambo yote. Walichukua ramani ya risasi, wakatafuta mahali palipozidi, wakakuta ni bustani na vipande vya mitaa ambavyo watu walishavikimbia. Polisi na maofisa wa afya wakaanza kufanya mazoezi pale pale, pamoja na wakazi: kutembea, kucheza zumba, mpira wa wavu, baiskeli. Hebu mwone askari amevaa raba na kaptula, anatoka jasho kwenye mstari mmoja na akina mama wenye vilemba vya michezo, muziki unalia kwa sauti kubwa mahali ambapo majuma machache nyuma palikuwa pa kupita haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliufuatilia mpango huo, na milio ya risasi katika maeneo hayo ilipungua. Sababu yake haina muujiza. Mwenye bunduki anapenda mahali pasipo macho. Bustani iliyojaa bibi na watoto ina macho mengi.

Na shule? Mwaka 1996, miaka 20 baada ya Ravenswood kufungwa, walimu wawili vijana walianzisha sekondari ndogo, Eastside College Preparatory School, kwa wanafunzi 8. Hawakuwa hata na jengo. Leo wahitimu wake wamekwenda vyuo vikuu, na baadhi wamerudi kufundisha mtaani kwao.

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu, na sitaki kuikwepa. Kuna wanaosema mji huu haukuponywa, bali wagonjwa walihamishwa. Mtaa wa baa na maduka ya pombe karibu na barabara kuu ulibomolewa, pakajengwa maofisi na hoteli ya kifahari. Palipokuwa Ravenswood High School pamekuwa eneo la maduka makubwa, na mwaka 2003 duka la IKEA likafunguliwa karibu yake. Mwaka 2011 Facebook ikahamia Menlo Park, jirani kabisa. Nyumba ya kawaida East Palo Alto leo huuzwa kwa takriban dola milioni moja. Mwaka 1980 Wamarekani weusi walikuwa takriban 6 kwa kila wakazi 10. Kwa sensa ya 2020 ni takriban mmoja kwa kila 10, na walio wengi ni watu wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, pamoja na jamii kubwa ya Watonga na Wasamoa wa visiwa vya Pasifiki. Basi, wanauliza, amani hii ni ya nani?

Swali ni la haki. Lakini tulipime kwa tarehe. Mauaji yaliporomoka mwaka 1993. IKEA ilikuja miaka 10 baadaye, Facebook miaka 18. Bei ya nyumba ilipanda kwa sababu mji ulitulia, kabla haijaanza yenyewe kuwahamisha watu. Ni kweli pia kwamba mauaji yalipungua Marekani nzima katika miaka ya 1990, na hakuna mji unaoweza kujichukulia sifa yote. Ila nchi nzima haikushuka kwa namna ile wala kwa kasi ile. Na watu wa sasa si matajiri. Wengi ni watunza bustani, wapishi, wasafishaji, walezi wa watoto wa upande wa pili wa barabara. Wapo wanaoishi familia mbili nyumba moja, wapo wanaolala kwenye gereji zilizogeuzwa vyumba. Umaskini haukuondoka. Mauaji yamepungua mno. Kwa hiyo wale wanaotuambia kwamba maskini lazima wauane, wajibu hili.

Lililobaki kwenye hoja yao ni chungu, nalo nalikubali. Wengi waliokesha kwenye mikutano ile, waliozika watoto wao, waliosafisha pembe zile, wamelazimika kuuza na kuhama kwa sababu ya gharama. Mji ulijua hatari hii mapema. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza serikali yake changa kuyafanya. Bila sheria hiyo wangebaki wachache zaidi. Na kutegemea ukarimu wa jirani tajiri nako kuna mwisho wake. Shule ya bure iliyoanzishwa pale mwaka 2016 kwa fedha za Mark Zuckerberg wa Facebook na mkewe Priscilla Chan ilitangazwa mwaka 2025 kwamba itafungwa mwaka unaofuata. Tajiri akibadili mawazo, mtoto wa darasa la tatu anatafuta dawati jingine.

Nirudi kwenye namba, kwa sababu ndizo zinazotupotosha. Katika mji wa watu 30,000, mauaji ya mtu mmoja tu yanapandisha kiwango kwa zaidi ya 3 kwa kila watu 100,000. Wakiuawa watatu katika ugomvi mmoja wa usiku mmoja, mji unaonekana ghafla umezidi hata baadhi ya majiji makubwa. Mwaka unaofuata wasipouawa, mkuu wa polisi anapigiwa makofi. Yote mawili yanaweza kuwa bahati. Mji mdogo unasomwa kwa miaka mitano, kwa miaka kumi, na unasomwa pamoja na mambo mengine: waliopigwa risasi wakapona, milio iliyosikika, kesi ngapi zilifika mahakamani. Hata ile sifuri ya 2023, tukufu kama ilivyo, haijafuta kitu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kinachonipa imani ni mteremko wa miaka 30, kuliko mwaka mmoja wa furaha.

Huku kwetu tumewahi kuingiwa na hofu ya panya road Dar es Salaam, na wenzetu wa Mombasa wanajua magenge ya vijana wenye mapanga kule Kisauni. Kila mara tunaitisha msako, tunahesabu waliokamatwa, kisha tunanyamaza mpaka safari nyingine. Msako una kazi yake, kama doria za 1993 zilivyokuwa na kazi yake. Doria zile zilinunua muda. Walichofanya East Palo Alto ni kuutumia muda ule.

Kwa hiyo mtaani kwenu mkitulia baada ya msako, msiende kulala. Itisheni mkutano wakati huo huo, mwulize mambo matatu. Vijana walioacha shule hapa ni kina nani, na kila mmoja amepelekwa wapi? Anayetoka jela mwezi huu anapokewa na nani? Na wenye nyumba za kupanga, je, watawaacha waliojenga amani hii wakae na kuifaidi? Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuyajibu hayo bila kungoja wizara. Anahitaji daftari, kalamu, na wakazi watakaorudi juma lijalo kumwuliza tena amefikia wapi.